Kuifanya Redio ya Gari Isikie Masafa Mafupi



Baadhi yenu mmetuuliza, wengine kwenye kituo cha kununulia karafuu na wengine barazani tu, kama ni kweli kwamba redio ya gari yaweza kufanywa isikie stesheni za mbali za masafa mafupi bila ya kununua redio nyengine. Twajibu kuwa ni kweli, na kazi yenyewe si uganga. Yataka kopo moja la bati, waya kidogo, vidude visivyozidi ishirini, na jioni mbili au tatu za utulivu.

Kwanza tueleze kwa nini jambo hili limetushughulisha. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme utokao Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na watu wengi waliokuwa wamezoea kupata khabari kwa simu walibaki wakizigeuzageuza simu zao mikononi. Mkulima aliye kambini wakati wa mavuno, na majamvi yake yamejaa karafuu, hana la kufanya waya wa baharini ukikatika. Lakini masafa mafupi hayategemei waya wala mnara wa jirani. Hutoka maelfu ya maili, yakapanda mpaka tabaka za juu za anga, yakarudishwa chini, na pengine yakapanda tena na kushuka mara ya pili kabla ya kutufikia. Mwenye betri ya gari na chombo cha kuyapokea huyasikia hata kama kisiwa kizima kimelala gizani.

Hatutaki kumdanganya mtu. Masafa mafupi si yale ya zamani. Radio Netherlands iliyaacha mwaka 2012, na Radio Australia ikayafunga tarehe 31 Januari 2017. Wala usitarajie kuambiwa na stesheni ya ng'ambo kama kesho mvua itanyesha Wete, ujue kama uanike au usianike. Hilo utaendelea kulitazama angani kama walivyolitazama wazee wetu. Walakini hewa haijawa tupu. Usiku bado husikika sauti kutoka Asia, Uarabuni, Ulaya na bara letu la Afrika, kwa lugha nyingi. Na sisi watu wa karafuu tuna sababu yetu khasa ya kutega sikio upande wa mashariki, kwani bei yetu imefungamana mno na Indonesia, ilimao na kuvuta karafuu nyingi kuliko nchi yoyote duniani.

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi wenu mna gari zilizotoka Japani. Redio zake za FM zilitengenezwa kwa ajili ya Japani, huanza 76 na nyingi huishia 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa hivyo fundi hukuwekea kidude kidogo nyuma ya redio, pale waya wa eriali unapoingia, na mara stesheni za juu zikaanza kusikika. Kidude kile hakikuibadili redio hata chembe. Kilizichukua stesheni za juu na kuzishusha mpaka mahali ambapo redio yako inaweza kuzifikia. Chombo tunachokieleza leo ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba hiki huzichukua stesheni za masafa mafupi na kuziweka katika masafa ya kati, yaani pale palipoandikwa AM. Sisi tutakiita kigeuzi.

Siri yake ni hesabu ya kutoa, wala si zaidi. Mawimbi mawili yakikutanishwa ndani ya kichanganyaji huzaliwa mengine mawili: moja ni jumla ya yale ya mwanzo, na jengine ni tofauti yao. Tuseme stesheni iko kilohezi 6015. Ndani ya kigeuzi tunalo wimbi letu wenyewe, tuliite wimbi la nyumbani, nalo ni kilohezi 5000. Toa 5000 katika 6015, yabaki 1015. Iweke redio ya gari 1015 katika AM, na stesheni ile itasema. Stesheni ya 5950 utaikuta 950, na ya 6155 utaikuta 1155. Wimbi la nyumbani halisogei hata siku moja. Kinachosogea ni kitufe cha redio yako ya gari, kama ulivyozoea. AM ya redio za Japani huanza 522 na kuishia 1629, kwa hivyo bendi yote ya mita 49, iliyo baina ya 5900 na 6200, yaingia humo na nafasi inabaki.

Akili hii si ya jana. Mmarekani Edwin Armstrong aliifanyia kazi mwaka 1918 akiwa askari huko Ufaransa, na karibu kila redio iliyotengenezwa tangu hapo huigeuza sauti ndani yake namna hii. Huko Marekani, baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Gonset iliuza vigeuzi vya kufungwa chini ya dashibodi, na wapenzi wa redio walivinunua kwa sababu redio ya gari ni pokezi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Imetengenezwa ishike stesheni kwa eriali fupi, gari ikienda mbio, na mwili wake umefungwa kwa bati ili kelele za injini zisiingie.

Moyo wa kigeuzi chetu ni aisii moja ndogo ya miguu minane. Majina yake ni NE602, SA602, NE612 au SA612. Yoyote kati ya hizo yafaa. Ndani yake mna kichanganyaji na pia sehemu ya kutolea wimbi la nyumbani, vyote viwili, kwa hivyo kazi kubwa umekwisha kufanyiwa. Itazame kwa juu, kishimo chake kikielekea mbele. Mguu wa kwanza ni ule wa mbele kushoto. Hesabu ukirudi nyuma mpaka wa nne, kisha vuka upande wa kulia, wa tano ukiwa nyuma, upande hivyo mpaka wa nane.

Kitu cha pili ni kristali, ambayo ndiyo inayolishika wimbi la nyumbani lisitembee. Kwa mita 49 tumia ya megahezi 5. Lakini hapa ndipo penye raha ya kazi hii, kwani kristali nyingi zenye faida zimelala katika vyombo vibovu vilivyotupwa. Kibao cha kompyuta ya zamani mara nyingi kina kristali iliyoandikwa 14.318, hiyo yafungua bendi ya mita 19, na stesheni ya 15400 utaikuta 1082. Televisheni za rangi za mfumo wetu, zile nene za kizamani, baadhi yao zina kristali ya 8.867, nayo yakupa mita 31. Stesheni ya 9600 itakuwa 733. Visiwa hivi vilianza kuona televisheni ya rangi katika miaka ya mwanzo ya 1970, basi hapana upungufu wa mabovu. Kristali ya 11.0592, ambayo mafundi wa vyombo vya elektroniki huijua sana, yakupa mita 25. Stesheni ya Unguja iliyokuwa ikirushwa kutoka Dole kwa miaka mingi katika 11735 huangukia 676. Twapenda mwenye kuanza aanze na mita 49 kwa sababu hesabu yake ni ya kichwani, na kwa sababu usiku, ambao ndio wakti wa kupumzika kambini, bendi hiyo huwa hai. Mita 25 na 19 ni za mchana na jioni.

Kopo la maziwa ya unga lafaa sana kuwa nyumba ya kigeuzi, kwa kuwa bati lake linashika lihamu vizuri. Likwangue rangi pale utakapolehemu. Kila tunaposema mwili, maana yake ni bati la kopo, ambalo nalo limeungwa na chuma cha gari.

Koili izungushie juu ya kipande cha bomba la plastiki la maji la nusu inchi, ambalo kwa nje ni kiasi cha milimita 21. Tumia waya wa shaba wa vanishi, kama ule wa kuzungushia mota, wenye unene wa nusu milimita. Zungusha mara 14, mizunguko ikigusana. Ukifika wa tano kutoka chini, usikate waya, ila ukunje kidogo utoe kisikio, kisha endelea. Kisikio hicho ukikwangue vanishi. Juu ya mizunguko ya chini zungusha waya mwengine mara tatu, huo ni wa eriali: ncha moja kwenye eriali, nyengine kwenye mwili. Ncha ya chini ya koili kubwa nayo iende kwenye mwili. Baina ya ncha ya juu na mwili funga kapasita ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni, iliyotolewa katika redio ndogo iliyokufa.

Msione koili hii kuwa pambo. Bila yake kigeuzi kitafanya kazi, lakini kitakuletea wageni wawili kwa chumba kimoja. Kumbukeni kwamba 6015 na 5000 tofauti yao ni 1015. Lakini 3985 na 5000 tofauti yao nayo ni 1015 hiyo hiyo. Stesheni au kelele yoyote iliyopo 3985 itaingia juu ya ile unayoitaka, na redio haina njia ya kujua ipi ni ipi. Koili na kapasita yake ndiyo bawabu. Humfungulia wa 6015 na kumzuia pacha wake. Tumewaona watu wakikirupuka na kuiacha koili, kisha wakasema masafa mafupi ni makelele matupu.

Viungo ni hivi. Kutoka kwenye kile kisikio pita katika kapasita iliyoandikwa 103 uende mguu wa kwanza. Mguu wa pili upite katika 103 nyengine uende kwenye mwili. Wa tatu ulehemu kwenye mwili moja kwa moja. Wa nne uache. Wa tano ndio unaotoa stesheni iliyokwisha kugeuzwa. Upitishe katika 103 uende kwenye redio, kwa waya wa eriali ya televisheni, usiozidi nusu mita. Waya huo ukiwa mrefu, nguvu hupotea njiani. Kristali ikae baina ya mguu wa sita na mwili. Baina ya wa sita na wa saba weka kapasita iliyoandikwa 101, na baina ya wa saba na mwili weka 101 nyengine. Kwa kristali za megahezi 11 na kuendelea punguza hizo mbili ziwe za pikofaradi 47. Mguu wa nane ndio wa umeme, nao pia upewe kapasita ya 104 kwenda kwenye mwili, karibu kabisa na mguu.

Tufike kwenye umeme, na hapa tusome polepole, kwani ndipo sisi wenyewe tulipoumia. Betri ya gari ni volti 12, na injini ikiwaka hupanda kufika 14. Aisii yetu haitaki kuzidi volti 8. Lazima paweko kidude cha kushusha na kushikilia volti, cha volti 6. Vipo vya namna mbili: kikubwa chenye bati mgongoni, 7806, na kidogo mfano wa transista, 78L06. Sisi tulikuwa na kidogo mkononi na mchoro wa kikubwa mezani. Tukadhani ndugu wa jina moja huwa na miguu iliyopangwa mamoja. Kumbe sivyo! Ukikitazama kikubwa kwa uso wenye maandishi, mguu wa kushoto ndio wa kuingilia umeme na wa kulia wa kutokea. Kidogo, kikitazamwa kwa upande ulio bapa, ni kinyume: kushoto ndipo umeme unapotokea na kulia ndipo unapoingilia. Wa katikati kwa vyote viwili ni wa mwili. Tukakilehemu kinyumenyume, tukaunga betri, na aisii ikafa bila hata kutoa moshi wa kutuaga. Tulikaa siku mbili tukilaumu koili. Basi kabla ya kuitia aisii, unga umeme kwanza na upime kwa mita pale mguu wa nane utakapokaa. Ukiona volti 6, ndipo uitie. Na afadhali ulehemu soketi, aisii ichomekwe baadaye.

Weka kapasita ya 334 upande wa kuingilia umeme na 104 upande wa kutokea. Kwenye waya utokao betri tia fyuzi ndogo ya robo ampea, tena karibu na betri, si karibu na kopo. Kigeuzi chenyewe hakili umeme wa kutajika. Aisii haifiki miliampea 3. Fyuzi ni kwa ajili ya waya utakaokwaruzika siku moja na kugusa bodi.

Jambo jengine la lazima ni swichi ya miguu sita. Upande mmoja ipitishe eriali katika kigeuzi, na upande wa pili iunge eriali na redio moja kwa moja. Usipoiweka utakuwa umejinyima stesheni za nyumbani, na watu wa nyumbani kwako hawatakusamehe.

Sasa jaribu. Zima injini. Iweke redio AM, karibu na 1000, na uwashe kigeuzi. Zungusha kapasita polepole. Ikiwa mambo ni sawa, pahali fulani redio itavuma ghafla kama mvua juu ya mabati. Hapo bawabu amefungua mlango. Acha kapasita pale pale, kisha tafuta stesheni kwa kitufe cha redio. Ukihamia mbali, irekebishe tena kidogo. Kama haivumi popote, kristali huenda haikuamka. Chukua redio yoyote yenye masafa mafupi, iweke karibu na kopo, katika 5000. Kigeuzi kikiwaka, mshindo wa hewa lazima unyamaze kidogo. Usiponyamaza, tazama upya kapasita zile mbili za 101. Na kama unazisikia stesheni za masafa ya kati pale pale zilipokuwa siku zote, basi kopo linavuja: zinaingia bila ya kupita mlangoni. Lifunike kwa mfuniko wake, na nyavu ya nje ya waya wa eriali ilehemu vizuri kwenye bati ncha zote mbili.

Wenye redio za tarakimu wataona kuwa hazisimami kila mahali. AM za Japani huruka kilohezi 9 kwa 9. Badala ya 1015 utapata 1017, nayo si neno, sauti yafahamika. Lakini zipo stesheni zitakazoangukia katikati ya ruko mbili, na hizo zitakoroma kidogo. Redio ya kizamani ya kuzungusha kwa mkono haina taabu hiyo, na kwa kazi hii twaipenda kuliko zote. Redio mpya za kioo kikubwa nyingi zina AM dhaifu, na baadhi hazina kabisa. Tazama kabla hujanunua hata kapasita moja. Gari zenye eriali fupi ya mapezi juu ya paa nazo zina kikuza sauti chao ndani ya eriali, hazifai kuungwa hivi. Huko tumia waya wa nje peke yake.

Hata gari nyengine, eriali ya bodi ni fupi mno kwa masafa haya. Kambini chukua waya wa mita kumi, urushe juu ya tawi la mkarafuu, na ncha yake uiunge kwenye kigeuzi. Tofauti utaisikia papo hapo. Ila mawingu yakifanya kiza na radi ikaanza kunguruma hata kwa mbali, uondoe waya ule na uutupe mbali na gari. Hapana khabari ya dunia yenye thamani ya kuingojea radi. Na usiku usiufunge mahali ambapo watu hupita, wala usiuweke karibu na nyaya za umeme.

Ukubali pia kwamba injini ikiwaka, kelele za cheche za plagi na za jenereta zitafunika stesheni zote za mbali. Chombo hiki ni cha gari iliyosimama. Redio peke yake haili betri sana, saa moja au mbili za jioni hazina neno kwa betri nzima. Lakini betri iliyochoka usiifanyie mchezo, kwani asubuhi kuna magunia ya kupeleka kituoni na pengine hapana mlima wa kusukumia gari.

Wapo watakaosema: redio ndogo ya masafa mafupi dukani si bei ya kutisha, ya nini taabu yote hii? Hatubishani nao. Mwenye fedha na aliyeiona redio nzuri na ainunue. Lakini zile rakhisi tulizozijaribu nyingi ni viziwi, na betri zake huisha siku unayozitaka. Redio ya gari unayo, spika unayo, betri unayo, na kilichobaki ni kopo.

Nyakati na masafa ya stesheni hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kwa hivyo iliyopotea ghafla miezi hiyo usiilaumu kigeuzi, itafute jirani. Mwanachama atakayekwama na alete kopo lake siku ya mkutano. Chuma cha kulehemu na mita tutakuwa navyo, na aisii ya akiba ipo moja.